Chupa ya seli shina, upande wa kushoto tu

Nililipa shilingi 78,000 kwa chupa ya mililita 30. Nimeanza na bei kwa sababu wateja wangu nao huanza na bei, na wana haki. Boksi ni la zambarau lenye maandishi ya dhahabu, ndani kuna chupa nyeusi yenye kimpira cha kubonyeza na kudondoshea. Mbele imeandikwa ni seramu ya kufufua mizizi ya nywele kwa seli shina, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. Nyuma, kwa herufi za kutafuta na miwani, imeandikwa kwamba seli shina hizo ni za tufaha.

Mimi ni msusi. Nina miaka 46, na 21 kati ya hiyo nimeimaliza nyuma ya vichwa vya watu hapa Dodoma, kwanza kibarazani kwa dada yangu Majengo, sasa kwenye saluni yangu Chang'ombe, viti vitatu na drai mbili ambazo moja ndiyo inayofanya kazi. Vichwa vya watu nimeviona vingi. Changu ndicho sikuwa nakitazama. Tangu darasa la kwanza nimesukwa twende kilioni za kuvutwa mpaka nyusi zinapanda, halafu ikaja dawa ya kulainisha nywele, halafu rasta juu ya dawa, na kufikia mwaka jana panja zote mbili zilikuwa wazi kwa upana wa vidole viwili. Mganga hajigangi, sawa, lakini mteja akikaa kwenye kiti anakuangalia kwenye kioo, na nilishaona macho yao yanapotua.

Ilikuwa Aprili, Bunge la bajeti limeanza, mji umejaa wageni, saluni hailali. Mteja wangu mmoja anayefanya kazi Mtumba akaniambia kuna duka la vipodozi mjini linauza kitu kipya. Duka silitaji. Muuzaji ni kijana msafi, maneno matamu.

"Dada yangu, haya si mafuta ya kupaka. Hii ni sayansi ya Japani. Mzizi uliokufa unafufuka ndani ya wiki nane."

Nikageuza boksi nikitafuta alama ya TBS, shirika la viwango, maana tangu 2019 vipodozi viko chini yao, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa. Haikuwepo. Akasema itakuja na mzigo ujao. Hapo ndipo nilipotakiwa kushika njia. Sikushika. Ukiwa na panja mbili zilizo wazi, akili inakuwa ya mtu mwenye kiu: huulizi maji yametoka kisima gani.

Binti yangu wa pili yuko UDOM mwaka wa mwisho, anasomea ualimu wa baiolojia. Alisoma boksi akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama, seli shina za tufaha kazi yake ni kutengeneza tufaha. Subiri uote mti."

Alipomaliza kucheka akanieleza vizuri. Seli hai haiwezi kukaa kwenye chupa dukani, miezi kwa miezi, kwenye joto la Dodoma la Oktoba, ikabaki hai. Kilichomo ni maji ya seli zilizosagwa, na hata zingekuwa hai, seli ya mti haina lugha ya kuzungumza na ngozi ya mtu. Halafu akasema neno ambalo ndilo limezaa maandishi haya: "Ila hela imeshatoka. Basi tuipime."

Tulipaka upande wa kushoto tu, kila usiku, robo ya kimpira. Upande wa kulia hakuna kitu. Siku hiyohiyo nilifumua rasta zote, nikaacha dawa ya kulainisha, nikawa natembea na nywele zangu fupi na kilemba chepesi. Binti alisisitiza kwamba kufumua kuwe kwa pande zote mbili, la sivyo tusingejua kilichofanya kazi ni seramu au ni kupumzisha kichwa. Alikata kadibodi ikawa na dirisha la sentimita moja kwa moja, tukaliweka sehemu ileile kila baada ya wiki mbili, kidole kimoja juu ya sikio, Jumapili saa nne asubuhi karibu na dirisha, tukapiga picha, yeye akahesabu kwenye skrini ya kompyuta. Hakunionyesha hesabu mpaka mwisho. Alisema mgonjwa akijua anaona anachotaka kuona.

Siku ya kwanza kushoto zilikuwa 31, kulia 34. Baada ya wiki 16 kushoto zilikuwa 33, kulia 35. Yaani upande wa shilingi 78,000 umeongeza nywele mbili, na upande wa bure umeongeza moja. Binti anasema tofauti ya nywele moja ni makosa ya kuhesabu tu. Harufu nzuri lakini, ya limau. Na ngozi ya upande wa kushoto ililainika, hilo sitalificha.

Kilichoniuma ni kwamba sayansi waliyoiandika kwenye boksi ipo kweli. Haipo ndani ya chupa tu. Jioni wateja wakiisha nilikuwa nakaa na binti ananisomea, na kuna mambo pale kila msusi angepaswa kuyajua kabla ya kushika chanuo.

Unywele hautoki tu kwenye ngozi kama jani. Unakaa kwenye kifuko, na kifuko kina zamu: kinaotesha kwa miaka kadhaa, kati ya miwili na sita kichwani, kisha kinajikunja kwa wiki mbili tatu, kisha kinapumzika kama miezi mitatu, unywele unadondoka, kinaanza upya. Ndiyo maana nywele 50 hadi 100 kwa siku kwenye chanuo si ugonjwa. Na ndiyo maana mtu yeyote anayekuahidi chochote ndani ya wiki nane hajui kalenda ya kichwa chako, kwa sababu kifuko kilichopumzika leo kinaweza kuamka bila kupakwa kitu, na dawa ndiyo ikapewa sifa.

Zamani walidhani nguvu ya kuanza upya iko chini kabisa kwenye mzizi. Mwaka 1990 George Cotsarelis na wenzake Marekani, wakichunguza panya, wakaonyesha kwamba seli shina zimejificha kwenye uvimbe mdogo ubavuni mwa kifuko, juu kidogo, mahali ambapo hata unywele ukidondoka panabaki palepale. Chini ya kifuko kuna kichuguu cha seli kinachoitwa papila, na hicho ndicho kinachotoa amri. Mwaka 1999 Colin Jahoda wa Uingereza alichukua seli za sehemu hiyo ya chini, kutoka kichwani mwake mwenyewe, zikapandikizwa kwenye mkono wa mke wake Amanda Reynolds, naye mwanasayansi. Nywele zikaota mkononi kwa mama. Nilimwambia binti hayo mapenzi sijawahi kuyaona Chang'ombe.

Kwa nini basi hawauzi? Kwa sababu seli za papila zikioteshwa kwenye sahani ya maabara zinatandazika na kusahau kazi yake. Mwaka 2013 huyo Jahoda pamoja na Angela Christiano wa New York walijaribu kuzining'iniza kwenye matone yaliyogeuzwa chini juu, kama matone yanayobaki chini ya bati asubuhi baada ya mvua. Ndani ya tone seli zikajikusanya kuwa donge, zikakumbuka sehemu ya kazi yake. Walichukua seli za watu saba, wakaziweka kwenye ngozi ya binadamu iliyopandikizwa mgongoni mwa panya, na kwa watano kati ya saba nywele ziliota. Japani ya kweli nayo ipo: mwaka 2012 kundi la Takashi Tsuji lilitengeneza vifuko na kuvipandikiza kwa panya wasio na manyoya, vikaota na kurudia zamu zake. Na 2020 maabara ya Karl Koehler ikaotesha donge la ngozi ya binadamu lenye nywele kutoka kwenye seli shina, kazi ya miezi ndani ya chombo. Kila mmoja wa hao anafanya kazi na seli hai, darubini na subira ya miaka. Hakuna hata mmoja anayeuza chupa kwa kijana wa dukani.

Mwishoni mwa Agosti nikaenda kliniki ya ngozi. Mtabibu ni mama wa makamo, alisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Alinikagua kama dakika kumi kwa kioo chenye taa, akapita panja ya kushoto, ya kulia, akarudi. Kisha akanishikisha kioo cha mkono.

"Unaona hapa mbele, mama? Panang'aa kama sahani. Tundu hamna. Hapa vifuko vimeshaziba, ni kovu. Sasa sogea nyuma kidogo. Hizi nyembamba unaziona?"

Niliziona. Malaika, zile nywele laini za mtoto mchanga, nyembamba mno. Akasema hizo ni vifuko vilivyochoka lakini viko hai. Kwa wale wenye upara wa kurithi, akaniambia, mara nyingi seli shina zinakuwepo bado hata kipara kikiwa kimekamilika; mwaka 2011 kundi la huyohuyo Cotsarelis lililinganisha ngozi yenye nywele na ngozi ya kipara kutoka vichwa vilevile, likakuta seli shina ziko sawasawa, zilizopungua ni za hatua inayofuata. Lakini nywele zilizovutwa miaka thelathini ni habari nyingine. Ukivuta mpaka pakawa na kovu, ule uvimbe wa ubavuni wenye seli shina umekwenda nao. Hapo hakuna cha kufufua.

Kwa hiyo kichwa changu kilikuwa na majirani wawili, mmoja amekufa na mwingine anasinzia, na mimi kwa miezi minne nilikuwa nawapaka wote dawa moja. Kumwona yeye pamoja na kadi ilinigharimu robo ya bei ya chupa. Kama hii ni tathmini ya huduma, basi nyota zote tano zinakwenda kwenye zile dakika kumi.

Aliniandikia minoxidili ya asilimia 5, mililita moja usiku, sehemu ya malaika tu. Nilinunua famasi kwa 45,000, inakaa miezi miwili. Hii historia yake ni ya kuchekesha: ilikuwa kidonge cha presha, kikaruhusiwa Marekani 1979, wagonjwa waliokitumia walikuwa wanaota nywele mahali wasipopataka, na kufikia 1988 ikaruhusiwa kupakwa kichwani. Yaani waliona jibu kwanza, swali likafuata. Inahitaji kimeng'enya kilichomo ndani ya kifuko ndipo ifanye kazi, na watu hawako sawa kwa kimeng'enya hicho, kwa hiyo jirani yako inaweza kumkubali wewe ikakukataa.

Sasa mniazime masikio, maana hapa ndipo wengi wanapotupa chupa. Wiki ya nne nywele zilianza kunyonyoka. Si kidogo. Niliamka nikaona mto una malaika zangu zote, nikapiga simu kliniki nalia. Mtabibu akacheka kwa upole: dawa inavisukuma vifuko vilivyopumzika vianze zamu mpya, na unywele wa zamani lazima uondoke kwanza. Endelea. Niliendelea kwa sababu niliaibika, si kwa sababu niliamini. Wiki ya tisa ikatulia.

Mengine ya kuchukiza: inatiririka, ukilala mapema inashuka usoni, na mimi niliota vinywele shavuni karibu na sikio mpaka nilipojifunza kupaka muda wa saa mbili nzima kabla ya kulala. Inawasha kidogo. Mjamzito na anayenyonyesha asiiguse bila daktari. Na kama una paka ndani, chupa na foronya zikae mbali naye, maana hiyo dawa ni sumu kwa paka hata akilamba kidogo. Wangu sasa analala stoo na amenuna. Kubwa kuliko yote, ukiacha, ndani ya miezi michache ulichopata kinarudi kilikotoka. Ni kodi ya kila mwezi.

Binti alirudi na kadibodi yake Februari, baada ya miezi mitano. Safari hii kote tulikuwa tunapaka. Sehemu ya malaika kushoto kutoka 33 zimefika 49, kulia kutoka 35 zimefika 54, na ni nene, zinashikika na kidole. Sehemu inayong'aa ilikuwa sifuri. Imebaki sifuri. Nimeshaizoea, napitisha kilemba hapo.

Wataniuliza rozimari. Wasusi wenzangu nusu yao wanaloweka rozimari kwenye alizeti ya Singida na kuuza kwenye chupa za maji. Jaribio lipo, Iran, 2015, watu 100, nusu mafuta ya rozimari na nusu minoxidili, miezi sita, matokeo yakakaribiana. Ila minoxidili waliyoshindanisha ilikuwa ya asilimia 2, na watu wenyewe walikuwa wanaume wenye upara wa kurithi, si wenye panja za kuvutwa. Sikatai rozimari. Nakataa kuiuza kwa 30,000 ikiwa imeloweshwa jana.

Na maji ya Dodoma jamani yaachwe kidogo. Kila mteja anasema ni maji ya chumvi. Maji yetu yanakakamaza nywele, ndiyo, kuchana ni kazi, povu halitoki. Lakini hayajawahi kumvuta mtu panja. Sisi ndio tunavuta. Nonhlanhla Khumalo wa Afrika Kusini na wenzake walikagua vichwa vya watu Cape Town, wakachapisha 2007, na karibu mwanamke mmoja kati ya watatu alikuwa na upara wa kuvutwa. Hapo hakuna maji ya Mzakwe, visima vyetu vya Dodoma.

Tangu nitoke kliniki nimekuwa mkali. Mteja akiniambia "kaza, dada, ikae mwezi", simkazii. Akitokwa na vipele kwenye mstari siku ya pili, namwambia arudi nifumue bure. Wateja wanne wamehama, mmoja alinisema kwa jirani kuwa mikono yangu imelegea kwa uzee. Na kuna mama mmoja, wa miaka mingi kwangu, utosi wake ulikuwa unafunguka kutoka katikati kwenda nje kama duara, unauma ukigusa. Zamani ningempigia wivingi juu nikafunika. Safari hii nilimpeleka. Ni ugonjwa wa kovu unaowapata zaidi wanawake weusi, na utafiti uliotoka 2019 uliwakuta baadhi yao wana kasoro kwenye jeni iitwayo PADI3, inayohusika na kuunda unywele. Kwake kusuka ni mzigo juu ya udhaifu aliozaliwa nao. Angechelewa mwaka mmoja, mtabibu alisema, duara lingefika masikioni. Niliposikia hivyo nilikumbuka vichwa ambavyo nimewahi kuvifunika na wivingi, nikashindwa kula mchana ule.

Seramu ilipoisha nilitaka kuitupa chupa. Sikuitupa, kwa sababu kimpira cha minoxidili kilipasuka kilipoanguka sakafuni, na kile cha boksi la zambarau kina alama ya mililita moja na kinaingia vizuri kabisa. Ndicho ninachotumia mpaka leo.

Nilirudi dukani mwezi huu na picha zangu zote kwenye simu, kushoto na kulia, tarehe zimeandikwa. Sikwenda kudai hela, nilikwenda amalize maneno yake. Kijana akatazama moja moja, akasema kosa langu ni kuacha upande mmoja, dawa hii inataka kichwa kizima, na chupa ya pili angenipa kwa 65,000. Nikamwonyesha picha ya Februari. Akaivuta karibu, akaikuza kwa vidole viwili, akanyamaza. Mteja mwingine alipotoka, akainama juu ya kaunta.

"Dada, hiyo kliniki ni ipi? Mke wangu mbele hapa zimeisha."

Nilimwuliza kama alishampaka ile ya boksi la zambarau. Akasema chupa tatu. Nikachukua kadi yake ya biashara pale kaunta, nikamwandikia jina la kliniki nyuma, na siku ambazo mama yule wa Moshi anakuwepo.